Wakunga wetu ndani ya WhatsApp wanasema na nani?

Ndani ya ukurasa huu tumeshasoma maneno mingi juu ya kazi zinazokosekana, juu ya komite ya chama, juu ya diploma zinazolala ndani ya sanduku pamoja na cheti cha ubatizo. Leo naomba tusome kitu kingine, kitu ambacho wengi wetu tunakiona kila asubuhi bila kukisoma kweli: yale ambayo wakunga, waganga wa materinite na watu wa lishe wanaandika, wanapiga picha na kusema kwa vokali ndani ya WhatsApp na Facebook juu ya kuzaa na kunyonyesha. Wengi wao ni wenzetu wa chama hiki. Nawaheshimu. Lakini kazi ikishawekwa mbele ya watu, watu wana ruhusa ya kuisoma na kusema iko namna gani, sawa vile tunasema juu ya wimbo ao juu ya mahubiri ya jana.

Najua swali litakuja katika komanteri: mutu wa mbegu na udongo anatafuta nini ndani ya maziwa ya mama? Jibu ni fupi. Kazi yangu ni bustani za mboga za familia, na hapa Kivu ya Kusini kazi ya bustani na kazi ya lishe zimefungwa kamba moja. Ndiyo maana nimewekwa ndani ya magrupu matatu ya WhatsApp pamoja na wakunga na wanalishe. Tena, mama anayenyonyesha kule Kabare ao Walungu ni yule yule anayeshika jembe. Ukigusa titi lake umegusa shamba, na juu ya shamba nina ruhusa ya kusema.

Basi niseme wazi kile nilichoona. Posti nyingi za wenzetu hazisemi na mama. Zinasema na wenzao wa kazi, zinasema na mukubwa wa ofisi, zinasema na yule anayetoa feza. Mama anatajwa kila mstari, lakini haiko yeye anayesemeshwa.

Chukua ile picha ya matunda. Sijui grupu ambayo haijaipata ata mara mbili. Inaonyesha ukubwa wa tumbo la mtoto mchanga: siku ya kwanza serizi, siku ya tatu ile njugu ya Ulaya inaitwa nwa, kiisha juma moja aprikoti, kiisha mwezi yai kubwa la kuku. Rangi nzuri, maandishi ya Kifaransa, chini yake mikono kumi ya kupiga makofi. Kati ya vitu vine hivi, mama wa Nyangezi anajua kimoja tu: yai. Mserizi na mwaprikoti ni miti ya inchi zenye majira ya baridi ya kweli, inataka ile baridi ndefu ili itoe maua vizuri. Haiko kwenye milima yetu, haiko sokoni Kadutu, haiko sokoni Uvira. Mtu anayetuma picha hii anajua hivyo, juu yeye mwenyewe hajawahi kula serizi. Anaituma kwa sababu iko tayari na inampa sura ya mutu aliyesoma.

Tena vipimo vyenyewe vinapaswa kuangaliwa. Mara nyingi pembeni ya serizi wanaandika mililita 5 mpaka 7. Mwaka 2013 daktari Nils Bergman alipitia tafiti ambazo kweli zilipima matumbo ya watoto wachanga, akafikia karibu mililita 20. Bado ni kidogo, na nia ya picha inabaki nzuri: mama asiogope akiona yale maziwa ya kwanza ya manjano ni machache, yanatosha. Lakini mililita 20 ni vijiko vine vya chai. Kila nyumba iko na kijiko. Mtu angeshika kijiko mbele ya simu, amimine maji mara nne ndani ya kikombe, aseme kwa Kiswahili ao kwa Mashi, na ile video ya sekunde thelathini ingefanya kazi kuliko matunda yote ya Ulaya. Sijaiona bado.

Fasi lugha inaumiza zaidi ni juu ya maji. Wandugu, Congo haiko na shida ya wamama kukataa kunyonyesha. Karibu kila mtoto hapa ananyonya, na ananyonya muda mrefu. Shida ni kile kinachoingia kinywani pamoja na titi. Uchunguzi mkubwa wa EDS wa 2013-2014 ulikuta 48% tu ya watoto wa chini ya miezi 6 ndio wanapata maziwa ya mama peke yake. Na kitu kinachoingia mbele ya vyote mara nyingi ni maji, maji ya kawaida, kwa kijiko, juu mtoto analia na jua linawaka. Ndiyo maana mwaka 2019 UNICEF, OMS na Alive & Thrive walipoanzisha kampeni yao kwa Afrika ya Magharibi na ya Kati, waliijenga juu ya jambo hilo moja: hakuna maji mbele ya miezi sita. Maziwa ya mama yenyewe ni maji karibu 88%.

Sasa soma posti za wenzetu. Wanachukua lile neno la Kifaransa la semina, wanalitafsiri moja kwa moja: «kunyonyesha kwa kipekee». Kipekee ni nini? Ukimwuliza mama kama ananyonyesha kwa kipekee atasema ndiyo, juu kwake maji haiko chakula. Mtoto hajala, amekunywa tu. Hajadanganya. Ni neno njo limemdanganya. Na yule anayeshika kile kijiko cha maji saa sita mchana, mama akiwa shambani, ni nyanya ya mtoto ao mama mukwe, ambaye hana simu, hayuko ndani ya grupu, na hakuna posti ata moja iliyoandikwa ili asomewe yeye. «Pasipo ata tone la maji mpaka miezi sita, ata jua likiwaka»: maneno haya kila mutu anayasikia. Lakini hayana harufu ya semina.

Aina ya pili ninaiita picha ya ushindi. Mkunga amevaa glavu, ameshika mtoto ambaye bado iko na damu na ule utando mweupe wa kuzaliwa nao. Nyuma unaona kitanda, unaona mguu, wakati mwingine unaona uso wa mama ambaye hajui kama anapigwa picha. Chini imeandikwa: utukufu kwa Mungu, mvulana, kilo 3 na gramu 200, mama na mtoto wako salama. Laiki zinaanguka kama mvua ya Novemba.

Ninauliza jambo moja tu. Ruhusa iliombwa saa ngapi? Mbele ya uchungu? Ndani ya uchungu? Ao kiisha, wakati mama anangoja fakture na anajua kwamba huyu anayeomba picha ni yule yule atakayesema na kompatable juu yake? Tunaishi katika inchi ambamo mama aliyeshindwa kulipa anaweza kubaki kitandani majuma kama dhamana ya deni lake mwenyewe. «Ndiyo» inayotoka katika kitanda hicho inapaswa kupimwa kwa mizani ingine.

Na haiko suala la adabu peke yake. Siri ya kazi iko ndani ya sheria yetu ya adhabu tangu zamani, na tangu tarehe 13 Machi 2023 tuko na Kodi ya Numeriki ambayo inalinda habari za mutu binafsi, na habari za afya ni za kwanza kulindwa. Wale wanaosimamia cheti cha kimataifa cha washauri wa kunyonyesha, IBLCE, wameandika wazi kabisa katika kanuni zao: usimpige mama ao mtoto picha, usimrekodi sauti wala video, kwa sababu yoyote ile, mpaka mama awe ametoa ruhusa kwa maandishi, tena mbele ya wakati. Kwa maandishi, mbele ya wakati. Linganisheni na kile mnachokiona kwenye statisi za jumapili.

Kuna wanaojibu kwamba picha hizi zinavuta wamama kuja kuzaa hospitali badala ya kuzaa nyumbani. Hoja hii iko na uzito, siitupi. Mama akiona kwamba mwenzake wa kijiji kile kile alizaa salama, anaweza kupata moyo. Lakini hoja ingekuwa na nguvu kama posti ingekuwa na bei ya kuzaa, saa za CPN, namba ya kupiga usiku, namna ya kufika ikiwa mototo inakataa kupanda. Nimetafuta habari hizo chini ya picha za ushindi. Mara nyingi niliikuta jina la mkunga, jina la hospitali, na aya ya Biblia. Hiyo ni tangazo la mutu. Halafu kuna ile ndugu yake: wamama kumi na tano wamepangwa kwenye benchi, kila mmoja ametoa titi kwa wakati mmoja juu ya kamera, na animatere mbele yao na jile yenye logo. Sisi wa kilimo tuko na picha yetu ya namna hii, wakulima wamepangwa nyuma ya mistari ya maharagwe, kwa hiyo ninajua inaenda wapi. Inaenda kwenye raporti. Sawa, raporti inahitaji picha. Lakini maharagwe hayana haya, hayana bwana anayeona Facebook jioni.

Hapo nataka kusimama kidogo, juu ya bwana. Katika vijiji ninavyotembelea, simu yenye intaneti ni ya baba. Mama anaiomba. Anaisikiliza vokali akiwa amekaa pembeni yake, ao anaisikiliza haraka haraka wakati baba anaoga. Mama huyo hawezi kuandika ndani ya grupu kwamba chuchu zimepasuka zinatoka damu, ao kwamba titi moja limevimba na anatetemeka kwa homa, kitu ambacho kinahitaji muganga siku ile ile. Na akiandika, anaandika mbele ya watu mia mbili. Ndani ya grupu ya WhatsApp kila mmoja anaona namba ya kila mmoja. Fikirieni mama anayekunywa dawa za VIH. OMS tangu 2016 inasema wazi kwamba mama kama huyo akifuata dawa zake vizuri anyonyeshe, maziwa peke yake miezi 6, aendelee mpaka ata miaka 2. Ni habari nzuri, habari inayookoa. Ataiuliza wapi? Siku atakayoandika swali lake katika grupu, mtaa mzima utajua.

Na dawa ya hilo ipo ndani ya simu ile ile, bila kulipa kitu. Kuna ile orodha ya kutangaza, ambayo ujumbe mmoja unafika kwa watu mpaka 256, kila mmoja anaupata peke yake, na akijibu jibu linamfikia mkunga tu. Inataka kitu kimoja: kila mama awe ameandika namba ya mkunga katika simu yake, kitu ambacho kinaweza kufanyika siku ya CPN kwa dakika moja. Lakini katika orodha hakuna anayeona laiki za mwenzake. Hakuna makofi. Nafikiri ndiyo maana haipendwi.

Nitapita haraka juu ya wale wanaouza. Unga wa kuongeza maziwa, chai ya mizizi, vinywaji vya malt, vyote vinatangazwa na watu wenye bluzi nyeupe. Titi linatengeneza kadiri linavyonyonywa na kumalizwa, kila mfugaji wa Kivu anajua hivyo kwa ng'ombe wake na hakuna aliyemuuzia chai. Yatosha.

Juu ya maziwa ya kopo siwezi kupita haraka. Kanuni ya kimataifa juu ya kuuza maziwa yanayochukua nafasi ya titi ilikubaliwa na Mkutano wa Afya wa Dunia mwaka 1981. Inakataza kuyatangaza kwa watu, inakataza kutoa zawadi ndogo kwa wamama, inakataza kuwatumia waganga kama mlango. Wakati ule mlango ulikuwa bango na radio. Mwaka 2022 OMS ilitoa raporti juu ya mitandao: akaunti 264 za kampuni za maziwa zilikuwa zinaweka posti karibu 90 kila siku na kufikia watu milioni 229, mara tatu ya watu ambao akaunti zisizo za biashara zinawafikia kwa habari za kunyonyesha. Mei 2025 Mkutano wa Afya ukarudi tena juu ya jambo hilo, safari hii matangazo ya dijitali yakitajwa kwa jina. Yaani dunia inaona kwamba vita vimehamia ndani ya simu.

Sisi tunafanya nini? Tunasaidia bila kulipwa. Mganga anapiga selfi na katoni ya maziwa iliyoletwa kwa wakimbizi, anaandika aksanti kwa wafadhili, na alama ya kopo inasomeka vizuri kuliko jina lake. Kampuni haikumuomba. Haikuhitaji. Maagizo ya kimataifa juu ya kulisha watoto wachanga wakati wa dharura yanasema zawadi za maziwa ya namna hii zisiombwe wala zisipokelewe. Kwa mtoto asiyekuwa na mama ao ambaye kweli hawezi kunyonya, yapatikane kwa njia inayosimamiwa, mtoto kwa mtoto, na maji safi na mtu wa kumfuata. Kuna watoto kama hao na sitaki mutu aseme nimewasahau. Lakini picha ya katoni inaingia katika simu ya mama ambaye maziwa yake yako sawa, na inamwambia kwa mdomo wa muganga wake kwamba kopo ni zawadi ya kupigia makofi. Katika nyumba ambayo maji yanatoka kwenye kisima wazi na kuni ni za kuhesabu, biberoni ile inaweza kumuua mtoto kwa kuhara. Nimetumia neno hilo kwa kujua.

Sasa nije kwenye kile kilichonifanya niandike. Ni kalenda.

Juma la Kunyonyesha la Dunia ni tarehe 1 mpaka 7 Agosti, kila mwaka tangu 1992. Juma lile magrupu yanafurika. Mabango, vokali, mavazi ya rangi moja, picha za keki. Mama anaambiwa: titi ndani ya saa moja kiisha kuzaa, titi peke yake miezi sita, titi mchana na usiku kila mtoto anapotaka. Vyote ni kweli. Kiisha tarehe 7, kimya. Na nini kinakuja kiisha Agosti, hapa kwetu milimani? Mvua inarudi, na Septemba msimu A unaanza. Kulima, kupanda maharagwe na mahindi, kiisha kupalilia Oktoba. Hizo ndizo kazi zinazofanywa na wamama, kwa mikono, kwenye mashamba ambayo yanaweza kuwa saa moja ao mbili ya kutembea. Mama aliyezaa Agosti hana likizo. Ata yule wa ofisini, Kodi ya Kazi ya 2002 inampa majuma 14, na yasiyozidi 8 kiisha kuzaa. Nanyi mnamwambia miezi sita. Yule wa shamba anapewa na nani? Mbegu zikichelewa kuingia udongoni majuma mawili, Januari nyumba haina maharagwe.

Kwa hiyo mama anapima. Anamwachia mtoto nyanya yake, anaacha na kikombe cha maji ao uji mwepesi, anaenda. Jioni anarudi matiti yamejaa kama mawe. Majuma matatu hivi, maziwa yanaanza kupungua. Kiisha katika CPS mkunga anamwuliza kwa nini, na vokali ya mwezi ule inasema wamama wa siku hizi ni wavivu, wanafuata mambo ya mji. Nimesikia vokali za namna hii, dakika saba za hasira, mtu anakemea kama pasta. Mtu anayekemewa anajifunza kujibu. Wababu zetu walilazimishwa mazao na utawala wa Wabelgiji tangu 1917, kwa faini na kwa gereza, na kilimo cha inchi hii bado kinalipa deni la ile sauti ya kukemea: mpaka leo mutu wa kilimo akifika kijijini, jibu la kwanza analopata ni lile wanalofikiri anataka kusikia. Mama naye atasema ndiyo, maziwa tu. Mkunga ataandika kwenye fishi. Hesabu itapanda.

Ambacho mama angetaka kusikia Septemba ni mambo madogo, ya mikono. Namna ya kukamua maziwa asubuhi kabla ya kwenda. Kwamba maziwa yaliyokamuliwa kwa mikono safi, ndani ya chombo safi kilichofunikwa, yanakaa masaa 4 hivi bila frigo kama joto halipiti nyuzi 25: maana yake kule Kabare kivulini ni rahisi, lakini Uvira mchana kando ya ziwa lazima kufikiri vingine. Kwamba mtoto mdogo anaweza kuyanywa kwa kikombe, pole pole, hakuna haja ya biberoni. Kwamba mtoto anaweza kuja shambani mgongoni mwa dada yake mkubwa na kunyonya saa nne kwenye kivuli cha mgomba. Kwamba baba anaweza kulima ile sehemu ya mbali msimu huu mmoja. Katika magrupu yangu yote, mafundisho juu ya kukamua yalikuja mara moja, na picha ya pompe ya umeme. Pompe ya umeme, wandugu. Hapa ambapo ata kuchaji simu tunapeleka kwa mtu mwenye jua kwenye nyumba yake na kulipa.

Nisionekane kama mutu anayebomoa tu. Iko sauti moja ndani ya grupu ya pili ambayo ninaingoja. Ni mkunga wa kituo cha afya cha milimani, jina lake sitalitaja juu sijamwomba. Vokali zake hazipiti dakika mbili. Anaanza kwa Mashi, anamaliza kwa Kiswahili. Hana logo. Anachukua swali moja alilopewa juma lile, anaficha aliyeuliza, anajibu, na mwisho anasema mwenyewe: wasikilizisheni na wabibi. Siku moja alisema juu ya matiti yanayojaa shambani, namna ya kuyapunguza kidogo kwa mkono na kutomwaga kama chombo ni safi. Hakupata laiki ata tano, juu vokali haina sura. Lakini kiisha siku mbili, katika bustani ya kikundi kimoja, nilisikia mama mwingine akirudilia maneno yale yale kwa mwenzake, bila kujua yalitoka wapi.

Na haiko jambo jipya chini ya jua. Majirani zetu wa Tanzania tangu 2012 walikuwa na Wazazi Nipendeni, ujumbe mfupi wa bure kwa Kiswahili, kwa simu yoyote ile, bila mega. Mama alipata ujumbe unaofuata umri wa mimba yake na wa mtoto wake. Uzuri wake, kwa macho yangu, ni kwamba ujumbe ulifuata wakati wa mama na si wakati wa sherehe. Mkunga mmoja hapa hawezi kujenga mashine ile, lakini wazo lenyewe ni la bure: mama wa mwezi wa kwanza apewe maneno ya mwezi wa kwanza, mama wa Septemba apewe maneno ya Septemba.

Basi kwenu wenzetu wa ISTM na wa materinite mnaosoma hapa: najua mnafanya kazi bila premi, najua mega mnanunua kwa makuta yenu, na najua mutu anayekesha usiku mzima na mama mwenye uchungu ana haki ya kusifiwa asubuhi. Msifiwe. Ila msimu A unakaribia na ninatafuta wawili ao watatu kati yenu wa kutayarisha vokali kumi za dakika mbili mbili, kwa Mashi, Kifuliiru na Kiswahili, kuanzia juma la kwanza la Septemba mpaka mwisho wa kupalilia. Mimi ninaleta kalenda ya mvua na ya kazi za shamba, kijiji kwa kijiji. Nyinyi mnaleta maziwa. Aliye tayari aniandikie inboksi, si katika komanteri.